Aliulizwa kwa Kiswahili

Wilfred alichovya mrija kwenye chupa, akauziba juu kwa kidole, akadondosha tone jingine ulimini.

"Mimi Wilfred, lukolo wangu Wangwale," alisema, jina na ukoo kwanza kama kiapo kinavyotaka. "Sijawahi kuonja kitimoto."

Akangoja. Ulimi ulianza kuwa mzito upande mmoja, kisha ganzi ikatambaa hadi kwenye fizi. Alipojaribu kusema tena, alitoa sauti ya mtu aliyetoka kung'olewa jino.

"Umeumbuka," Zuhura alisema akiwa ameegemea dirisha. "Na hilo halikuhitaji maji. Mafiga nzima inajua huwa unakaa meza ipi pale kwa muuza nguruwe."

Wilfred aliinua mkono kumwomba asubiri. Alisukutua kwa maji ya kawaida, akatema kwenye beseni, akakaa hadi ganzi ilipoisha. Kisha akarudia kwa uongo mwingine, kwamba amezaliwa Mzinga. Ganzi ikaja tena vilevile. Akafunga chupa.

"Ni yenyewe," alisema.

"Una hakika?"

"Nimedanganya mara nne. Yamenikamata mara nne."

Walikuwa chumba cha nyuma cha Nyumba ya Maji, wote wawili wamevaa kitambaa cheupe begani, alama ya walinzi. Mjini kila mtu alisali kwa imani yake, Ijumaa au Jumapili, lakini maji ya wote yalitoka mlimani, na mlima ulikuwa na sheria yake. Walinzi ndio walioisimamia. Kesi ikishindikana, shahidi hupelekwa nyuma ya pazia akanyweshwa maji ya kiapo. Tone humpa mwongo ganzi ya muda mfupi. Kikombe kizima humwondolea sauti maisha yake yote.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Mti uliokuwa ukiifunika chemchemi ya Lugonje ulikatwa, na chemchemi ikageuka tope. Raphael, fundi wa mbao wa hapo Mafiga, alikunywa kikombe kizima akaapa kwamba aliyemwona akiukata ni Winfrida, mkulima wa kabichi ambaye shamba lake limepakana na chemchemi. Raphael alitoka nyuma ya pazia akizungumza vizuri kabisa. Winfrida aliomba naye anywe, akakataliwa. Kesi moja, kikombe kimoja. Ndivyo sheria ilivyo.

Kwa hiyo kesho mchana Winfrida angefungiwa maji. Hakuna kijito wala bomba la Uluguru litakalompa maji tena, yeye na kila mtoto aliyetoka tumboni mwake. Wa mwisho alikuwa bado ananyonya.

Wilfred alikuwa amekiona kisiki. Kilikuwa kimekatwa kwa chenso, msumeno wa injini, mkato mmoja laini kama sahani. Kwa Winfrida alikuta jembe, panga na mundu. Lakini kisiki hakishindani na kikombe. Kilichobaki ni kusema maji ndiyo yalikuwa ya uongo, na kwa sababu hiyo Yakobo, mchota maji wa Nyumba, alikuwa mahabusu tangu juzi. Wazo la kumweka huko lilitoka kwa Mzee Amosi, Mnyweshaji Mkuu.

"Chupa hii uliijaza wewe?" Wilfred aliuliza.

"Kutoka kwenye mtungi uleule wa Raphael, pazia likiwa bado linatikisika. Na nta niliibandika mimi. Umeikuta imevunjika?"

"Haikuvunjika."

"Basi Yakobo wa watu hana kosa."

"Hana."

"Tukamtoe."

"Muhuri wa kumtoa anao mzee."

Zuhura alisonya. Alikuwa mtoto wa mjini, baba yake Mndengereko, na miaka yote aliyovaa kitambaa hakuwahi kujifunza kuuficha uso wake. "Sasa nisaidie. Maji mazima. Sauti ya Raphael ipo. Si ina maana alisema kweli?"

"Au kuna jambo la tatu."

"Lipi?"

"Silijui. Twende tukamuulize alisema nini huko nyuma ya pazia. Mpaka sasa hakuna aliyemuuliza."

Karakana ya Raphael haikuwa mbali, wakatembea. Njiani Zuhura alikumbuka jambo.

"Halafu Raphael si mtoto wa Mzee Amosi? Baba anamnyweshaje kiapo mwanawe?"

"Sheria inamkataza mnyweshaji kumpa kikombe mtu wa ukoo wake. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Raphael ni Msunje, kama mama yake Felista. Mzee ni Mngwale."

"Na wewe?"

"Mimi mama yangu ni dada yake mzee. Mngwale. Mimi ndiye ambaye mzee haruhusiwi kumnywesha."

"Yaani mwanawe anamnywesha, mpwa wake hapana." Zuhura alitikisa kichwa. "Nyumba yenu nzuri, ila mlango wa nyuma mmeusahau wazi."

Wilfred aliendelea kutembea. Alikuwa amelelewa na Mzee Amosi tangu hajajua kuvaa viatu, kama ilivyo haki ya mjomba. Raphael alilelewa Ngerengere kwa mjomba wake mwenyewe, mtu wa reli.

Raphael aliwaona kabla hawajavuka mtaro. Alizima randa ya umeme, akapangusa vumbi la mbao usoni.

"Binamu! Mwizi wa ugali wa baba yangu! Leo umeniletea na mke?"

"Mke wa kwako utamweza?" Zuhura alisema. "Hata stuli unazotengeneza zina miguu mitatu."

"Wa nne huwa naukopesha kwa walinzi, maana nyie wenyewe hamsimami." Alicheka, akawavutia benchi. "Karibuni. Hiyo kesi si imeisha?"

"Imeisha," Wilfred alisema kwa upole. "Nakamilisha tu. Naomba unisimulie kiapo tangu mwanzo. Ulikuwa umesimama au umekaa?"

"Nimepiga magoti."

"Kikombe alishika nani?"

"Mshua. Mikono miwili."

"Akakuuliza nini kwanza?"

"Jina. Nikamwambia Raphael. Akaniuliza ukoo. Nikamwambia Wangwale. Akanipa kikombe, nikanywa, nikasema nilichoona. Basi."

Wilfred alikuwa ameinamisha kichwa kama kawaida yake anaposikiliza. Akakiinua.

"Alikuuliza kwa maneno gani? Hayohayo aliyotumia."

"'Ukoo wako ni upi.' Si ndo hivyo?"

"Hakusema lukolo?"

"Kiluguru changu ni cha kuombea maji tu, binamu. Ngerengere nani angenifundisha? Aliniuliza kwa Kiswahili, tena polepole, kama mtoto wa chekechea. Nikasema wa baba. Kwani kuna shida?"

"Na ulipotoka nje?"

"Nilitoka fresh tu. Nilienda kule kwenye choo, nikaliita jina langu mara mbili tatu, nione kama lipo." Alicheka tena. "Lilikuwepo."

Zuhura hakucheka. "Mtu aliyesema kweli anakagua sauti ya nini?"

Kicheko kilikatika. Raphael alimtazama Zuhura, kisha Wilfred, kisha mlango. Mkono wake ulitafuta swichi ya randa.

"Nina oda ya vitanda," alisema.

"Chenso yako iko wapi, Raphael?"

"Nimemwazima mtu."

"Nani?"

Randa ikanguruma. Alisukuma ubao juu yake, na kwa sauti ile hakuna swali lingeweza kupita. Walisimama kidogo, wakaondoka.

Pembeni ya ukuta wa shule Zuhura alimshika mkono. "Nieleze polepole na mimi, kama mtoto wa chekechea. Baba Mngwale, mtoto akasema Mngwale. Kosa liko wapi?"

"Kiswahili kina neno moja, ukoo. Ukiulizwa, unachagua mwenyewe useme wa baba au wa mama. Kiluguru hakikupi nafasi hiyo. Lukolo ni wa mama tu. Kiapo tangu zamani kinaulizwa kwa Kiluguru, hata kwa asiyekijua. Anatafsiriwa."

"Na maji yanajali?"

"Ndiyo nataka kujua."

Alitoa chupa mfukoni na mrija wake. Akaangalia kama kuna mtu anapita, akadondosha tone ulimini. Baba yake marehemu alikuwa wa Wadeng'o.

"Mimi Wilfred, ukoo wangu Wadeng'o. Sijawahi kuonja kitimoto."

Wakangoja. Muuza miwa alipita na baiskeli yake. Wakaendelea kungoja.

"Kitimoto," Wilfred alisema. "Kitimoto cha kukaanga. Na ndizi. Na pilipili." Kila neno lilitoka zima. Alirudia uongo wa Mzinga kwa ukoo huohuo wa baba. Ulimi haukusita popote.

Zuhura alishika kichwa. "Mungu wangu. Maji hayamtambui."

"Unayaita kwa jina la watu ambao wewe si wa kwao. Yanamtafuta mwongo huko, hayamkuti."

"Wangapi wameapa hivi, Wilfred? Mimi hapa nimewapeleka watu nyuma ya pazia kwa mikono yangu. Watu wamehama mlima huu."

"Sijui."

"Labda mzee alikosea. Alitaka kijana aelewe."

"Labda," alisema Wilfred. "Nitamuuliza. Wewe rudi ukakae na Yakobo. Na chupa hii usiitoe mkononi."

Mzee Amosi alikuwa kibarazani kwake, miguu kwenye beseni la maji moto na chumvi, suruali ameikunja hadi magotini. Wilfred aliinama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Kaa. Umekula?"

"Nimekula. Mjomba, nimepima maji. Ni mazima."

"Vizuri. Nilikuwa na hofu na Yakobo."

"Na Raphael ulimuuliza ukoo kwa Kiswahili."

Mzee aliinua mguu mmoja, akautazama unyayo, akaurudisha majini. "Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe."

"Mjinga yule." Alisema bila hasira. "Hata kufunga mdomo hajui."

"Ulipitiwa?"

"Ungependa niseme nilipitiwa?"

"Ningependa useme ilivyokuwa."

Mzee aliongeza chumvi kwenye beseni. Ndani mtu alikuwa akitwanga, akaacha, akaanza tena.

"Nimewanywesha watu wa mlima huu tangu hujazaliwa," alisema. "Sijawahi kupitiwa. Nilijua aliukata yeye. Alikuja hapo ulipokaa, akalia, tayari jina la yule mwanamke ameshalitaja barazani. Ningemuuliza kwa Kiluguru, leo angekuwa bubu."

"Na Winfrida?"

"Winfrida atashuka Dar. Kule wana maji yao. Watu wanaishi."

"Ana watoto, mjomba."

"Na mimi sina?" Kwa mara ya kwanza sauti ilipanda. "Sheria ilisema mtoto wangu ni wewe. Nikatii. Nikakuvika, nikakusomesha, nikakupa kitambaa hicho. Wa kwangu akakulia kwenye mabanda ya reli, kwa wajomba waliomwita mzigo. Akija hapa anabisha hodi. Kwa baba yake, hodi! Miaka yote hiyo nimekuwa mtu wa sheria. Nimempa ukoo wangu siku moja, Wilfred. Siku moja tu."

Wilfred alingoja hadi mzee alipotulia.

"Nitalipeleka barazani kesho," alisema.

"Kwa kiapo cha nani? Kuvunja kikombe ni kesi nyingine, na lazima mtu anywe kikombe chake. Wewe ni Mngwale, mimi Mngwale. Ukoo hauapi dhidi yake wenyewe, maji yanalala tu, na baraza litakucheka. Mwenzako yule msichana hana lukolo wa huku, maji hayana habari naye. Na huko kupima kwako maji, hata kukisema nini, wataniletea mimi nipige muhuri."

"Raphael ni Msunje. Msunje anaweza kuapa kwamba ni wa kwao."

"Si kila Msunje. Ukoo wa mtu huapiwa na aliyemzaa." Mzee alivuta kitambaa, akaanza kufuta mguu, kidole kimoja kimoja. "Na Felista akiapa hivyo, uongo unarudi kwenye nyumba yake. Kijana anakuwa bubu saa ileile, popote alipo. Mlango huo sikuufunga, mpwa wangu. Nenda. Mimi nimeishi na yule mwanamke. Najua utakachokuta."

Wilfred aliinuka. Akasita.

"Yakobo naomba umtoe, mjomba. Hana kosa."

"Baada ya kesho."

Bodaboda ilimfikisha mwisho wa barabara, akapanda kwa miguu hadi Lugonje. Jua lilikuwa limeshaanza kugeukia upande wa Mindu. Alimkuta Felista kijitoni, kanga amejifunga kifuani, anakanyaga karoti ndani ya gunia kuziondoa udongo. Mafungu yaliyokwisha safishwa yalikuwa juu ya majani, yakisubiri gari la kwenda Dar. Maji ya kijito yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Habari za kwa Amosi?"

"Nzuri."

"Bado anachovya miguu?"

"Bado."

"Atazikwa na lile beseni." Aliendelea kukanyaga. "Sema. Mlinzi hapandi huku kunisalimia mimi."

Wilfred alimweleza yote kwa mpangilio: kisiki, kikombe, swali la Kiswahili, jaribio la ukuta wa shule, maneno ya Amosi. Hakupunguza wala kuongeza. Miguu ya Felista ilikuwa imeacha kukanyaga.

"Kwa hiyo mwanangu alimsingizia Winfrida," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Winfrida aliyenisaidia kupakia juzi hapa." Aliinama, akatoa karoti moja guniani, akaikwangua kwa kucha. "Na wewe unataka nishuke, nipige magoti, niseme yule ni wa tumbo langu."

"Ni kweli tupu, mama. Maji hayatakugusa."

"Hayatanigusa mimi." Alirudia maneno yale kama anayeonja chumvi. "Unajua alipopelekwa Ngerengere alikuwa hajaweza kusema 'mama' vizuri? Alikuwa anasema 'maa'. Alijifunzia huko, kwa watu wengine. Sikuwepo. Sasa hunipigia simu, ananiita vizuri. Ndicho nilichonacho chake. Mengine yote yalichukuliwa na wajomba."

Wilfred aliokota karoti iliyoanguka kutoka kwenye fungu, akairudisha.

"Siwezi kukulazimisha," alisema. "Kiapo cha kulazimishwa hakishiki. Nakuomba tu. Baraza linakaa mchana. Nikija asubuhi na pikipiki, tutawahi."

"Usiniombe leo."

"Kesho mapema, basi?"

"Nimesema usiniombe leo." Alirudisha mguu guniani. "Gari la karoti linakuja alfajiri. Huenda nikapanda nalo, nikauze mwenyewe. Huenda nisipande. Nenda, baba. Uniache na kazi yangu."

Alianza kukanyaga tena, kwa nguvu kuliko mwanzo, na tope likatoka chini ya gunia likaufuata mkondo.

Njia ya kurudi ilipita nyumbani kwa Winfrida. Wilfred alikuwa amekusudia kupita bila kusimama, lakini mwanamke yule alikuwa uani na alishamwona. Mtoto alikuwa mgongoni, amelala. Mbele yake, kwenye bomba la kijiji, alipanga kila chombo alichokuwa nacho na vingine vya kuazima: ndoo, madumu ya mafuta, sufuria, beseni la kuogea, hata kinu. Vingi vilikuwa vimekwisha jaa, vimefunikwa kwa majani ya mgomba.

"Karibu, afande," alisema. "Samahani, sina kiti. Nimekitoa ndani niwekee dumu."

"Usijali. Habari za hapa?"

"Tupo. Nimefikiri, hukumu inasema sitapewa maji kuanzia kesho. Haya nimeyachota leo. Ya leo ni yangu, si ndiyo? Nikiyatumia kidogo kidogo kwa kupikia na kunywa tu, yanaweza kutufikisha hata Kwaresima. Na mpaka hapo labda mtakuwa mmempata aliyekata."

Alisema hayo akimtazama usoni, akingoja. Wilfred alikuwa amewahi kusimamia kufungiwa maji. Siku hiyo alikuwa ameingia ndani ya nyumba na kuiona mitungi ikikauka mmoja baada ya mwingine, mifuniko ikiwa juu yake. Mlima ukikunyima, haukuulizi umechota lini.

"Si ndiyo, afande?"

Dumu lililokuwa chini ya bomba lilifurika. Wilfred aliliinua akalisogeza pembeni, akaweka ndoo mahali pake. Maji yalitoka membamba, kwa sababu ya tope la juu. Alichuchumaa akaishika ndoo isiyumbe.

"Bado vingapi?" aliuliza.

"Vichache tu. Lakini giza linaingia, na bomba hufungwa." Alimpapasa mtoto mgongoni. "Vitakavyobaki nitajaza kesho asubuhi."

"Asubuhi nitakuwa huku," Wilfred alisema. "Nina mtu wa kumchukua."

"Basi utanisaidia na kinu. Kikijaa ni kizito."

"Sawa," alisema, akaendelea kuishika ndoo.